Mkamwana Yuko Darasa la Kwanza

Mwalimu Habiba aliwauliza watoto wa darasa la kwanza mbili kuongeza tatu ni ngapi, na jibu likatokea nje.

"Tano!"

Sauti ilipenya dirishani, kali, sauti ya mtoto asiyeona haya. Watoto wa ndani wakageuza shingo. Mwalimu akajifanya hakusikia, akauliza tatu kuongeza nne.

"Saba!" Nje tena.

Akaweka chaki, akaenda dirishani, akachungulia chini. Alilazimika kuchungulia kweli, maana huku Ngana madarasa yamejengwa juu ya msingi mrefu kwa kuogopa mafuriko, na kuingia ndani ni kupanda ngazi za saruji zinazomtoa jasho hata mtu mzima. Chini ya dirisha, kwenye kitimwendo, alikaa Prisca, mtoto wa miaka saba mwenye soksi nyeupe na miguu isiyosimama. Nyuma yake alisimama mama yake, Tusekile, ameshika daftari la mtoto kwa mikono miwili.

"Mama Prisca," Mwalimu Habiba akasema, "hawa wa ndani hawajapata nafasi hata ya kuhesabu vidole. Mwambie anyooshe mkono kwanza."

"Nimenyoosha!" Prisca akajibu mwenyewe. "Wewe ndiye huoni, uko juu."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Habiba naye akacheka, akaficha uso kwa mtandio. Alikuwa mtu wa Pangani, alihamishiwa Kyela mwaka jana tu, na mpaka leo alikuwa hajazoea mvua ya huku, ambayo haipigi hodi. Ilikuja saa hiyo hiyo. Mpaka Tusekile amemfunika mwanawe kwa khanga na kukisukuma kiti kwenye tope hadi chini ya mti wa kakao, soksi nyeupe zilishakuwa za kahawia, na daftari lilikuwa uji.

Mwalimu Habiba alishuka na mwavuli, akawakuta wanatetemeka wote wawili.

"Dada, hivi haiwezekani," akasema. "Nimeomba watengeneze njia ya mteremko pale mlangoni. Saruji ipo stoo, si nyingi lakini ipo. Mwenyekiti wa kamati ya shule anasema ni ya ofisi ya kamati. Tena anasema hakuna haja ya kuhangaika, mtoto anaondoka."

"Anaondoka kwenda wapi?"

Mwalimu akamwangalia. "Hukuambiwa? Likizo ya Juni anapelekwa bweni. Shule ya watoto wenye ulemavu, huko mkoa wa mbali. Mwenyekiti ameshaongea na watu wa kanisa."

Tusekile akakishika kiti cha mwanawe kwa mikono miwili. Mtoto wa miaka saba! Ambaye usiku hashuki kitandani bila kushushwa na mama yake! Na uchungu ulizidi kwa sababu mwenyekiti huyo hakuwa mtu baki. Alikuwa Mzee Anyisile, baba wa mume wake.

* * *

Ungesema basi, si amwendee mkwewe, akae naye chini, waongee yaishe? Thubutu! Kwa Wanyakyusa wa ukoo ule, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawapishani njiani, hawakai chini ya paa moja, na jina la mkwe mkamwana halitamki. Siku hizi vijana wengi wa Kyela mjini wamelegeza, wanakula hadi meza moja, lakini Mzee Anyisile hakulegeza kitu. Alipotaka kupita karibu na nyumba ya mwanawe alikohoa toka kwenye migomba, Tusekile akaingia jikoni, mzee akapita. Tangu aolewe, Tusekile alikijua vizuri kikohozi cha mkwewe, kofia yake na mgongo wake. Uso aliuona kwenye picha ya harusi.

Kwa hiyo maneno yote yalipita kwa Lugano, mume wake. Na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Lugano alikuwa mwanamume mzuri, mkulima hodari wa mpunga, hapigi mke, hanywi kupita kiasi. Ila mbele ya baba yake alikuwa anayeyuka.

"Kamwambie baba yako," Tusekile akasema jioni ile, mwiko mkononi, "mtoto nimemzaa mimi na haendi popote! Mwambie saruji ya shule si ya kujengea makalio ya wanakamati! Mwambie nimekasirika!"

"Nitamwambia," Lugano akasema.

Mzee alikuwa amesimama upande wa pili wa migomba, kikohozi kimeshatangulia. Tusekile akajibanza nyuma ya ukuta wa jiko, akatega sikio.

"Baba," Lugano akaanza, "mama Prisca anakusalimia sana."

Tusekile akauma mwiko.

"Naitikia. Anasemaje juu ya lile jambo?"

"Anasema... anashukuru kwa mawazo. Ila kidogo ana... kidogo ana wasiwasi."

"Wasiwasi wa nini? Kule kuna vitanda, kuna walimu waliosomea, kuna sakafu tambarare. Hapa atakaa chini ya dirisha na kuku? Leo wanamcheka kwa sababu kajibu vizuri. Kesho watamcheka kwa sababu katambaa kwenda chooni. Mimi sitaki mjukuu wangu achekwe."

"Ni kweli, baba."

"Mwambie basi."

"Nitamwambia."

Lugano aliporudi jikoni alikuta mke wake amekaa chini, mwiko umewekwa mbali. "Baba anakusalimia," akasema.

"Nimesikia alivyonisalimia. Kula, mume wangu. Ugali umepoa na mimi nimepoa."

Lakini hakupoa hata kidogo. Usiku kucha aliwaza. Kilichomkera zaidi ni kwamba mzee hakuwa mtu mbaya. Prisca alipokuwa mchanga, ni mzee aliyemkimbiza hospitali kwa baiskeli, kamfunga kifuani kwa shuka, na Tusekile akitembea nyuma kabisa ili asimkaribie mkwe, analia barabara nzima. Alimpenda mtoto yule. Ndiyo maana alitaka kumpeleka mbali, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia.

* * *

Asubuhi yake Tusekile alifika shuleni kabla ya kengele.

"Mwalimu, mwanangu akiwa ameshapanda ngazi, utamfukuza?"

"Nimfukuze kwa lipi? Jina lake limo. Mimi shida yangu ni kumpandisha na kumpeleka choo. Mgongo wangu huu, wallahi, hata ndoo siinui."

"Mgongo ninao mimi," Tusekile akasema.

Akachuchumaa, Prisca akamshika shingo, wakapanda. Tusekile akamweka dawati la mbele, akarudi nyuma kusubiri saa ya choo. Nafasi iliyobaki ilikuwa kwenye dawati la mwisho, kati ya vitoto viwili vyenye makamasi. Akajikunja, magoti yakamfika kidevuni. Kabla ya saa nne alishaonywa mara mbili kwa kunong'oneza majibu.

"Mama Prisca, hili ni swali la Ambwene."

"Samahani, mwalimu. Anachelewa sana huyu Ambwene."

Ilikuwa wakati wa uji, Tusekile amesimama barazani anapunga hewa, ndipo baiskeli ya Mzee Anyisile ilipokata kona kuingia shuleni. Ilikuwa kawaida yake kuja kukagua stoo na kuwauliza walimu maswali yasiyo na majibu. Aliinua macho. Akaona gauni la mkamwana wake juu ya baraza, peupe kabisa, hakuna jiko, hakuna migomba.

Lo! Mzee hakupata muda hata wa kukohoa. Alikata usukani kulia, baiskeli ikaruka tuta, ikaingia kwenye shamba la mpunga la shule na yeye juu yake, maji yakaruka pande zote mbili, na watoto wa shule nzima wakasimama na vikombe vya uji mkononi. Alitokea upande wa pili, tope hadi kiunoni, akaondoka akisukuma baiskeli bila kugeuka nyuma.

Tusekile alikuwa amejificha darasani, uso ameufunika kwa viganja kwa aibu. Kumfanyia mkwe hivi, mchana kweupe! Mwalimu Habiba akaingia, macho yamemtoka.

"Yule mzee ana nini? Kaona nyoka?"

"Kaniona mimi."

Akamweleza mila yao. Mwalimu Habiba alisikiliza, mkono shavuni. "Makubwa haya! Kwetu mkwe namtengea chai na maandazi, nakaa namsikiliza anavyomsema mwanawe." Akachungulia dirishani. "Kwa hiyo wewe ukiwa hapa, yeye haji?"

"Haji."

"Hata kwenye kikao cha kamati?"

Wanawake wale wawili wakatazamana. Kitu fulani kikaanza kuchekesha, taratibu, na Tusekile akajizuia kucheka kwa sababu ni dhambi.

* * *

Toka siku ile shule ikawa haina mwenyekiti.

Mzee Anyisile alijaribu. Alikuja asubuhi na mapema, akamkuta Tusekile anampandisha mtoto. Akaja jioni, akamkuta anamteremsha. Akawa anasimama mbali kwenye mikakao, anapiga kengele ya baiskeli, na yeyote aliyekuwa karibu anapaza sauti: "Mkamwana yuko darasa la kwanza!" Mzee anageuza. Kikao cha kamati kikaahirishwa, kikapangwa tena, kikaahirishwa. Wakataka kukifanyia kanisani, Mwalimu Habiba akasema yeye ndiye katibu na mihuri yake haitoki shuleni.

Kijiji kilicheka mpaka kikachoka. Lakini si wote walicheka. Kisimani mwanamke mmoja aliondoa ndoo yake foleni Tusekile alipofika. "Mkamwana gani anamfukuza mkwe shuleni? Wazazi wake hawakumfunza?" Jumapili benchi la kanisani lilibaki wazi kushoto na kulia kwake. Tusekile aliimba nyimbo zote bila kutazama pembeni, akafika nyumbani akaingia jikoni akalia, moshi ukiwa kisingizio.

"Tuache tu," Lugano akamwambia, naye macho yamelowa. "Tumpeleke huko bweni. Watu wanatusema."

"Wewe mtoto wako juzi kaandika jina lake. Umeliona?"

"Nimeliona."

"Lina herufi ngapi?"

Lugano akahesabu kwa vidole polepole. "Sita."

"Basi acha waseme."

Na Prisca? Prisca hakuwa na habari na vita ya mtu. Alikuwa ameshawapanga darasa zima zamu za kusukuma kiti wakati wa mapumziko, na aliyemkosea alifutwa zamu. Ambwene alipomcheka siku moja kwa kutambaa, Prisca akamwambia, "Mimi natambaa najua kusoma. Wewe unatembea kwenda wapi?" Ambwene akalia, na kesho yake akaja kuomba zamu.

* * *

Kilichomkamata mzee ni ugeni. Afisa elimu kata, Bwana Sylvester, alitangaza anakuja kukagua, na mgeni wa serikali hapokelewi bila mwenyekiti. Mzee Anyisile akaja. Jua lilikuwa linawaka, hakuna hata wingu, naye alikuja amefungua mwavuli mkubwa mweusi, ameulaza upande wa kushoto, upande wa darasa la kwanza, kiasi kwamba ilibidi aongozwe mkono asijigonge kwenye mlingoti wa bendera.

"Mzee," Bwana Sylvester akauliza, "mbona mwavuli? Kuna mvua?"

"Ni jua."

"Jua liko kulia, mzee."

Mwalimu Habiba hakungoja aulizwe. Alieleza yote hapo hapo, mtoto, ngazi, saruji, bweni na mkamwana aliyekaa dawati la mwisho. Tusekile alisikia kila neno kupitia ukuta, ameshika mdomo. Bwana Sylvester, naye Mnyakyusa wa Ngana, aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu mpaka mabega yake yalipoacha kutikisika.

"Sasa mzee," akasema alipoinuka, "mwombe huyo mama atoke shuleni."

"Siwezi kusema naye."

"Atoke vipi basi?"

Mwavuli ukainama zaidi upande wa kushoto.

"Yuko humo kwa sababu ya ngazi," Bwana Sylvester akasema kwa upole. "Mtoto anayesoma vizuri hapa hatumwondoi kwa sababu ya ngazi. Jenga njia, mzee. Mtoto akiweza kuingia kwa kiti chake, mama yake atarudi nyumbani, na wewe utapata shule yako."

Mzee Anyisile aliondoka na mwavuli wake bila kuaga. Jioni Tusekile alisikia kikohozi kwenye migomba, halafu sauti ikimwambia Lugano: "Kesho lete koleo." Hakuongeza neno. Kuhusu Juni hakusema, na Tusekile hakulala vizuri.

* * *

Wazazi walileta mawe na mchanga wa mtoni, mzee akasimamia fundi mwenyewe. Hakutaka njia ndefu. Ingekwenda mpaka kwenye mlingoti wa bendera, na mlingoti ule aliusimika yeye. Kwa hiyo ikawa fupi, nzuri, imesuguliwa vizuri, na imesimama mno. Watu waliona. Lakini nani amwambie?

Saruji ilipokauka, Jumamosi moja, wazazi wakaitwa kuona. Tusekile alimpandisha Prisca barazani, akamkalisha kwenye mkeka karibu na Mwalimu Habiba, kisha akaenda zake nyuma ya majengo kuchota maji ya chai, ili mkwe apate nafasi. Mzee Anyisile alikuja bila mwavuli. Akakitazama kitimwendo.

"Kitu ambacho sijakipanda mwenyewe sikikabidhi," akasema, akakaa. Akaweka kofia magotini. "Lugano, sukuma."

Lugano akasukuma. Robo ya kwanza ilikwenda. Nusu, Lugano alianza kuguna. Hapo kandambili yake ya kulia ikakatika kamba, mguu ukateleza, akaporomoka pembeni ya njia akatua kwenye rundo la mchanga. Kiti kikasimama kidogo, kana kwamba kinafikiri, kisha kikaanza kurudi nyuma na mwenyekiti ndani yake.

Tusekile alikuwa ndiyo anatokeza kwenye kona, ndoo kichwani. Aliona mgongo anaoujua ukimjia kwa kasi. Ndoo ilianguka. Hakufikiri kitu, na kama angefikiri angekimbia. Aliruka kwenye njia, akakipokea kiti kwa kifua na mikono miwili, visigino vikaburuzika, kikasimama.

Watu wote wakashika midomo. Bibi mmoja akafunika macho kwa khanga. Lugano akainuka mchangani, anakuja mbio.

"Kaa hapo hapo wewe na kandambili zako!" baba yake akafoka. Akashika mikono ya kiti kwa nguvu, anatazama mbele, shingo imekakamaa. Hakugeuka. Alijua. Kwa namna uwanja ulivyonyamaza, alijua ni nani aliyemshika.

Wakabaki hivyo katikati ya mteremko, hawapandi, hawashuki. Jasho lilimtoka Tusekile likaingia machoni. Mzee alikuwa mzito.

"Mama, usimwachie babu!" Prisca akapaza sauti toka barazani.

"Prisca," mzee akasema, anamtazama mjukuu wake usoni, "muulize huyo aliyeshika kama ameumia."

"Mama, babu anauliza umeumia?"

"Mwambie sijaumia."

"Anasema hajaumia, lakini anatweta, babu. Na kakunja uso."

Mzee akakohoa. "Mwambie njia hii ni kali mno."

"Mama, babu anasema kajenga vibaya."

"Sikusema..." Mzee akakomea hapo. Aliyatazama yale ya mbele yake, saruji iliyosimama, mlango ulio juu, mtoto kwenye mkeka. "Ndiyo. Mwambie nimejenga vibaya. Mwambie Jumatatu tunavunja, tunajenga ndefu. Mlingoti utahama."

Tusekile alisikia mikono yake inaanza kufa ganzi. Alijua hatapata tena siku ambayo mkwewe hawezi kuondoka. Akasema, na watu wote wakamsikia.

"Prisca, mwambie babu yako hivi. Mwambie yeye ni mzito kuliko wewe, na sijamwachia. Basi na wewe sikuachii. Si Juni, si lini."

Prisca akayabeba maneno yale kama yalivyo, neno kwa neno, hakuongeza wala kupunguza, hata sauti yake ikawa ndogo. Lugano akatazama chini. Mzee Anyisile akaichukua kofia magotini, akaivaa, akaivua.

"Mwambie nimesikia," akasema. "Mwambie Juni utakuwa hapa. Na Juni nyingine." Akafuta uso kwa kofia. "Sasa mwambie asukume, nisije kufia hapa kwenye njia yangu mwenyewe."

Tusekile akainama, akasukuma. Kiti hakikuenda. Ndipo mzee akatoa mikono yake, akayashika magurudumu pande zote mbili, kama alivyomwona mjukuu wake akifanya, akavuta huku mkamwana wake akisukuma. Wakapanda hivyo, shubiri kwa shubiri, wote wawili wakiguna, mpaka magurudumu ya mbele yakagusa baraza na Mwalimu Habiba akayadaka.

Tusekile akaachia. Akageuka haraka, uso ameuelekeza uwanjani, tayari kukimbilia nyuma ya jengo. Prisca alikuwa amekaa wima kwenye mkeka, mdomo wazi, anangoja apewe maneno ya kupeleka.

"Ndaga," mzee akasema, asante ya kwao, na hakumtuma mtu.